Siku Yangu ya Kwanza katika Kliniki ya Akili



Barua ya mwaliko niliyoipokea kutoka kwa Ndugu Katibu ilinitaka niseme juu ya nafasi ya msomi katika utumishi wa umma. Nilianza kuiandika hotuba hiyo. Nilipofika ukurasa wa pili niliona kwamba ninayarudia yale yale ambayo kila mgeni rasmi ameyasema hapa tangu nilipoingia Kidato cha Kwanza mwaka 1994, nasi tukisinzia juani. Nikampigia simu Ndugu Katibu nikaomba ruhusa ya kubadili mada. Aliponiuliza mada mpya ni ipi, nilimwambia ni jinsi mtu anavyoanza kutibiwa katika kliniki ya afya ya akili. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimehamishiwa Wizara ya Afya. Sikuhamishwa. Nimepata kuwa mgonjwa wa kliniki hiyo, na kadi yake ninayo mpaka leo.

Naona baadhi yenu mnatazamana. Msiwe na wasiwasi, sitafanya jambo lolote la ajabu kabla ya chakula cha mchana.

Mwaka 2014 nilipandishwa cheo nikahamishiwa mkoa mwingine. Watu walinipongeza, na mimi nilijipongeza. Mke wangu na watoto walibaki nyuma kwa sababu ya shule. Miezi ya kwanza ilikwenda vema. Kisha nikaanza kuamka saa nane za usiku na kukaa macho mpaka adhana ya alfajiri. Ofisini nilikuwa nafungua faili, nasoma dokezo moja mara tatu, mara nne, wala sioni linasema nini. Chakula kikawa hakina ladha mdomoni. Uzito ulipungua kilo 9. Siku moja nilimfokea mama mmoja mhudumu wa ofisi, mtu wa umri wa mama yangu, kwa kosa la kunitilia sukari katika chai. Na sukari hiyo nilikuwa nimeiomba mwenyewe.

Nilitibiwa malaria mara tatu. Nilitibiwa homa ya matumbo mara mbili. Nikapewa dawa za vidonda vya tumbo. Vipimo vingine vilionyesha kitu, vingine havikuonyesha, lakini dawa nilizimeza zote. Ndugu zangu wa nyumbani wakasema kile cheo kilikuwa na watu wakikitamani na bila shaka nimetupiwa kitu, basi nikapelekwa kwa mzee mmoja ng'ambo ya mto, akanichanja. Simlaumu mzee yule. Alinisikiliza kwa muda mrefu kuliko mganga yeyote wa hospitali niliyemwona mwaka ule, na nilikuja kulifikiri jambo hilo baadaye.

Aliyenifumbua macho ni afisa tabibu mmoja kijana katika kituo cha afya. Nilikwenda kwake kuomba dawa ya malaria kwa mara ya nne. Alikitazama kipimo, akaniambia malaria haipo, kisha akaweka kalamu chini. Akaniuliza: "Mkuu, unalala?" Nikasema silali. Akauliza tena: "Kuna wakati unaona afadhali usingekuwapo?" Swali hilo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Niliitazama kalenda iliyokuwa ukutani kwa muda mrefu. Hakunisukuma. Aliandika barua ya rufaa ya kwenda kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya mkoa, akanieleza siku inapofanyika.

Barua hiyo niliificha ndani ya kitabu cha Kanuni za Kudumu za Utumishi, mahali ambapo nilijua hakuna mtu atakayefungua. Ikakaa humo wiki 7.

Nilikuwa naogopa nini? Kwanza niliogopa kufungiwa. Ninyi mnajua kwamba hapa shuleni tulipotaka kumtukana mtu tulimwambia atapelekwa Mirembe. Hospitali ile ya Dodoma ilianzishwa mwaka 1927, na kwa miaka mingi wagonjwa walisafirishwa kwenda huko kutoka pembe za mbali za nchi, mahali ambapo ndugu zao hawakuweza kuwafuata kwa urahisi. Mtu aliyepelekwa mbali namna hiyo, akarudi baada ya miaka au asirudi, alikuwa kama aliyefungwa, na ndiyo maana jina la hospitali likageuzwa tusi. Lakini mambo yalikuwa yameanza kubadilika hata kabla sijaanza shule ya msingi. Mwaka 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark, ulianzishwa katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro mpango wa kuwatibu wagonjwa wa akili karibu na makwao, katika hospitali za kawaida, vituo vya afya na zahanati, na kuwafundisha wauguzi na waganga wa huko kazi hiyo. Mimi, msomi wa Chuo Kikuu, nilikuwa sijui. Nilidhani kutoka barua ile ya rufaa mpaka kwenye geti la chuma ni hatua moja.

Pili niliogopa faili langu. Mtumishi wa serikali ataelewa. Nilijiona nikiitwa, nikaambiwa kwamba kwa kuwa akili yangu haiko sawa haifai nitie saini malipo.

Kilichonitoa humo si ushujaa. Usiku mmoja nilijikuta nimeandika wosia. Niliuandika katika karatasi ya ofisi, kwa mpangilio mzuri, nani achukue shamba na nani asimamie ada za watoto, na juu kabisa upande wa kulia nilikuwa nimeweka namba ya kumbukumbu. Niliposoma namba ile ndipo nilipoingiwa na hofu. Nikachukua simu, saa tisa za usiku, nikampigia mdogo wangu, ambaye ni dereva wa lori. Nilimwambia, "Mimi siko sawa, na ninaogopa kukaa peke yangu." Hakuuliza swali hata moja. Alinishika kwa maneno mpaka kukapambazuka, na jioni yake alikuwa mlangoni kwangu. Akasema, "Kaka, kliniki tunakwenda wote."

Sasa nitawaeleza siku ile ya kwanza kwa kirefu, maana laiti mtu angenieleza mimi, barua isingekaa wiki 7 kitabuni.

Tulifika saa mbili asubuhi. Unaanza dirishani kama mgonjwa mwingine yeyote. Unatoa barua ya rufaa na kadi ya bima kama unayo, unaandikishwa, unafunguliwa faili. Karani aliniuliza nakwenda kliniki gani. Nikanong'ona. Akasema, "Sema kwa sauti, kuna kelele." Nikasema, "Ya akili." Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wasiopungua 20. Hakuna aliyegeuka. Mmoja alikuwa na mtoto mwenye homa, mwingine ameshika mkono wake uliovunjika, kila mtu na lake.

Kliniki yenyewe ilikuwa jengo dogo nyuma ya kliniki ya macho, lenye benchi refu barazani. Nilitegemea kukuta watu waliofungwa kamba. Nilikuta mama mmoja na binti yake mwenye kifafa, wamekuja kuchukua dawa ya mwezi, kwani kifafa nacho hutibiwa hapo. Alikuwapo kijana wa bodaboda aliyekuwa anajaribu kuacha pombe. Alikuwapo mzee aliyeanza kusahau majina ya wanawe, ameletwa na mjukuu. Alikuwapo mwalimu, anasahihisha madaftari ya wanafunzi huku akingoja zamu yake. Na alikuwapo mtu mmoja aliyekuwa akisema peke yake na kucheka; hilo sitawaficha. Hakuna aliyemcheka wala kumsogelea, na zamu yake ilipofika aliitwa kwa jina lake kamili kama sisi wote.

Aliyenipokea ni muuguzi, mama wa makamo. Alinipima uzito na shinikizo la damu, akafunga mlango, akanifanyia mahojiano ya karibu saa nzima. Aliniuliza juu ya usingizi, chakula, kazi, ndoa, pombe, bangi. Kama nasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Kama nahisi watu wananifuata. Kama katika ukoo wetu kuna aliyepata kuugua hivi, nami nikamkumbuka baba yangu mdogo, ambaye sisi watoto tuliambiwa tu kwamba "alikwenda mtoni". Aliuliza pia nilipokuwa shule mambo yalikuwaje, na hapo nilisita. Nitarudi kwenye jambo hilo. Kisha alimwita mdogo wangu akamuuliza yeye ameona nini. Mambo niliyodhani nimeyaficha kwa miezi, yule kijana alikuwa ameyasikia katika sauti yangu kwa simu tu. Ndiyo maana nasema usiende peke yako kama unaye mtu wa kwenda naye.

Mwishoni aliniuliza moja kwa moja: "Baba, umewaza kujiua?" Nikasema ndiyo. Nikamweleza wosia. Paa halikuanguka. Akaniambia watu wengi huogopa kuuliza swali hilo wakidhani watampa mtu wazo. Wazo halitoki kwenye swali, na aliyenalo hupata nafuu anapoulizwa. Akamwagiza mdogo wangu asiniache peke yangu siku za mwanzo, na dawa zote azishike yeye, pamoja na kuondoa nyumbani sumu yoyote ya shambani.

Nilipimwa damu pia. Nilishangaa, lakini daktari alinieleza kwamba yapo magonjwa ya mwili yanayojifanya ya akili: tezi ya shingo isipofanya kazi sawasawa, upungufu wa damu, virusi vya UKIMWI, sukari. Majibu yalipokuwa safi ndipo akaniambia ninaugua sonona. Kwa mara ya kwanza jambo langu lilikuwa na jina. Halikuwa uvivu, wala laana, wala cheo kilichonizidi kimo. Alisema ni katika maradhi ya kawaida kabisa. Na nimesoma baadaye kwamba Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 mtu mmoja katika kila watu wanane duniani alikuwa anaishi na ugonjwa wa akili wa namna moja au nyingine. Hesabuni wenyewe waliomo ukumbini humu.

Nilipewa amitriptilini, kidonge kimoja usiku, kisha kikaongezwa kidogo kidogo. Lazima niseme kweli: wiki mbili za mwanzo nilitaka kuitupa. Mdomo ulikuwa mkavu, choo kigumu, asubuhi kichwa kizito kama nimelewa, na huzuni iko pale pale. Lakini muuguzi alikuwa ameniambia mapema kwamba madhara hutangulia na faida hufuata, hivyo nilivumilia. Katika wiki ya nne, jioni moja, jirani alikuwa anakaanga vitunguu. Nikasikia harufu, na nikasikia njaa. Nilimwambia mdogo wangu, naye akatoka nje mara moja. Nadhani alikwenda kulia.

Haikuwa dawa peke yake. Kila nilipokwenda, kwanza baada ya wiki mbili kisha kila mwezi, yule mama alinipa kazi ndogo: kutembea kwa miguu mpaka sokoni kabla ya kwenda ofisini, kumpigia mke wangu kila jioni na kumwambia ukweli badala ya "niko salama". Zipo siku dirisha la dawa halikuwa na dawa nikanunua mjini kwa fedha zangu, na zipo siku benchi lilikuwa refu mpaka saa nane. Nilikatazwa kuacha dawa kwa ghafula hata nilipojiona mzima, nikaendelea nayo kama miezi 12 tangu kupona, ndipo ikapunguzwa. Kuhusu kazi, nilileta cheti cha daktari, nikapewa mapumziko ya ugonjwa, nikarudi. Malipo natia saini mpaka leo, na wakaguzi hawajalalamika kuliko kawaida yao.

Sasa lile jambo nililosita kumwambia muuguzi.

Mwaka 1996, tukiwa Kidato cha Tatu, nilikuwa kiranja wa bweni. Kitanda cha chini yangu alilala mwenzetu ambaye wengi wa mwaka wetu mnamkumbuka, na jina lake sitalitaja. Katika hisabati hakuna aliyemfikia. Muhula wa pili alianza kukaa macho usiku kucha. Akaanza kuandika namba ukutani kwa mkaa. Akaacha kuoga. Akasema mtangazaji wa redio ya mwalimu wa zamu anamsema yeye. Sisi tukampa jina, tukamwita Redio, na kila alipopita mtu mmoja alijifanya anatafuta stesheni. Mimi kama kiranja niliandika jina lake katika daftari la adhabu mara 11: uchafu, kuchelewa gwarideni, kuchafua ukuta. Mwalimu aliponiuliza kama kuna jambo, nilisema nadhani anavuta bangi. Sikuwa nimemwona akivuta. Lilikuwa jibu la karibu.

Alifuatwa na mjomba wake, wakapanda basi la asubuhi. Tulichungulia dirishani. Kitanda chake alipewa mtu mwingine wiki ile ile.

Nilikwenda kumtafuta mwaka 2016, nilipokuwa nimepona. Nilimkuta kwa dada yake, kijijini kwao. Tangu atoke hapa alizungushwa kwa waganga mpaka ng'ombe wakaisha. Alikaa miaka mingi katika kibanda cha uani, na kwa muda fulani alifungwa mguu. Mtu aliyekuja kumpeleka hospitali ya wilaya ni muuguzi wa zahanati yao, mwaka 2012. Huu ugonjwa wake, skizofrenia, una dawa tangu daktari za Paris walipoijaribu klopromazini mwaka 1952. Hospitali ya kumpa dawa hiyo ilikuwapo umbali wa saa mbili kwa basi kutoka kwenye bweni letu. Ilikuwapo mwaka 1996. Miaka 16 ilipita katikati.

Sasa anachoma sindano ya flufenazini kila mwezi. Analima, anafuga kuku, mikono inamtetemeka kidogo. Hakupona kabisa. Alinitambua kabla sijajitaja. Aliniuliza ni wangapi katika darasa letu waliopata daraja la kwanza. Nikamwambia. Akafikiri, akasema, "Na mimi ningekuwamo." Nilimwomba radhi kwa lile daftari. Alisema hakumbuki daftari lolote. Sijui kama hakumbuki kweli au alinihurumia.

Wadogo zangu, ugonjwa wa namna ile aghalabu huanza katika umri wenu, au mnapofika chuo. Mkimwona mwenzenu halali siku nyingi, anajitenga, anazungumza na asiyekuwapo, maksi zimeanguka ghafula, au anasema hana faida duniani, msimpe jina. Mwambieni matroni, au mwalimu wa ushauri, au mwalimu yeyote mnayemwamini, na asiposikia mwambieni mwingine. Aliyetaja kujiua asiachwe peke yake hata kwenda msalani, mpaka mtu mzima afike. Pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya cha karibu. Sema hivi, "tunaomba mgonjwa apimwe akili," nao wataandika rufaa. Kama ametaharuki au maisha yako hatarini, msingoje rufaa wala siku ya kliniki, nendeni hospitali moja kwa moja, usiku huo huo. Na viranja, jina likirudi katika daftari la adhabu mara ya tatu kwa uchafu ule ule, fungeni daftari mkamuulize kama analala.

Wazee wenzangu mtaniuliza habari za maombi na dawa za asili. Aombewe. Mimi niliombewa na ninashukuru. Lakini basi la kwenda hospitali lisingoje maombi yaishe.

Ndugu Mwenyekiti, mchana huu katika mkutano mkuu tutapiga kura juu ya fedha za uzio. Nitatoa hoja kwamba sehemu ya fedha hizo itengwe kila mwaka, chini ya Mkuu wa Shule, iwe nauli ya mwanafunzi mgonjwa pamoja na msindikizaji wake mpaka kliniki na kurudi, na ya dawa pale dirisha linapokuwa tupu. Najua uzio nao unahitajiwa, mbuzi wa kijiji wameimaliza bustani. Naomba tu hoja yangu isomwe kabla ya ile ya uzio, si baada yake.

Baada ya chakula nitakaa kwenye benchi lililo chini ya mwembe wa bweni la pili, mpaka saa kumi na moja. Atakaye kuniuliza neno aje, peke yake au na mwenzake. Kadi yangu ya kliniki iko mfukoni, anayetaka kuiona nitamwonyesha.